Bomba la Moshi Linalokatika Palepale

Fundi akichomelea bomba la moshi mara ya tatu mahali palepale, ubora wa welding si hoja tena. Kuna kitu kinalivunja, na kitaendelea kulivunja mpaka kitafutwe. Hali hii huwakuta sana wenye magari madogo ya matairi sita au manane, yale yanayokata pori, yakaingia mtoni na kuelea hadi ng'ambo, kisha yakapanda ukingo na kuendelea na safari. Injini zake zinaweza kudumu miaka mingi. Ekzosi ndiyo inayoyarudisha gereji.

Asili ya magari haya ni Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilitokea Jiger, la matairi sita, na kabla muongo huo haujaisha kampuni ya Ontario Drive & Gear ilikuwa imeleta Argo, jina ambalo mpaka leo ndilo linalojulikana zaidi katika fani hii. Wakati huo Honda ilikuwa bado haijaanza kuuza pikipiki yake ya matairi matatu, iliyoingia sokoni mwaka 1970. Siku hizi magari haya yanatumiwa na wawindaji, mafundi wa nyaya za umeme na vikosi vya uokoaji. Katika milima ya Scotland ndiyo yanayoshusha kulungu waliowindwa, juu ya ardhi tepetepe ambayo ingemeza Land Rover.

Kinachoyawezesha kuelea ndicho kinachoitesa ekzosi. Bodi ni beseni moja la plastiki lisilopitisha maji, na ndani yake vimo vyote: fremu ya chuma, injini, minyororo ya kuendesha matairi, na abiria. Kwenye gari la kawaida bomba la moshi hunyooka chini ya sakafu likapigwa na upepo. Hapa chini ya sakafu ni maji, kwa hiyo bomba na sailensa hukunjwa juu, ndani ya chumba kidogo cha injini chenye joto kali.

Halafu hakuna springi wala shokomzoba. Matairi laini, yenye upepo mdogo sana, ndiyo pekee yanayopunguza makali ya njia. Gogo au jiwe likikanyagwa, pigo huenda moja kwa moja kwenye fremu. Wakati huohuo injini inacheza juu ya mipira yake kwa mwendo wake yenyewe. Fremu inatikisika hivi, injini vile, na bomba limekaa katikati likivutwa na pande zote mbili.

Hesabu yake inashangaza. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 60 kila sekunde. Dereva akishinda porini saa tano, mtikisiko umeshapita milioni moja. Chuma hakihitaji nguvu kubwa ili kikatike. Kinahitaji nguvu ndogo inayorudiwa mara nyingi, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukaachia. Wahandisi walilijua jambo hili kwa gharama ya maisha ya watu. Mei 1842 ekseli ya garimoshi lililokuwa likitoka Versailles kwenda Paris ilikatika, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ekseli hiyo ilikuwa ikibeba mzigo wake kila siku bila tatizo. Miaka iliyofuata Mjerumani August Wöhler alizijaribu ekseli za reli kwa subira kubwa, akaonyesha kuwa nguvu isiyoweza kuvunja chuma kwa mara moja hukivunja ikirudiwa mara nyingi. Nyufa hupenda kuanzia kwenye kona kali na mahali umbo linapobadilika ghafla. Kwenye ekzosi, mahali hapo ni ukingo wa welding.

Joto nalo lina mkono wake. Mita moja ya chuma cha kawaida ikiongezewa joto la nyuzi 500 hurefuka karibu milimita 6. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 hurefuka karibu milimita 9. Ndiyo maana mtu anaweza kununua bomba la bei ghali lisiloshika kutu, akalifunga kwa ugumu uleule, na likapasuka mapema kuliko la zamani. Bomba linalotaka kurefuka na kukuta halina nafasi litajisukuma lenyewe mpaka sehemu dhaifu ikubali.

Maji pia hayatoki mtoni tu. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takribani lita moja ya maji, yakitoka kama mvuke. Kwenye safari fupi sailensa haipati moto wa kutosha, mvuke unageuka matone, na matone yanakaa chini yakila chuma kutokea ndani. Sailensa inayong'aa nje inaweza kuwa imekwisha.

Uchunguzi uanze kwa macho, kabla ya kufungua nati yoyote. Masizi meusi yaliyochora mstari yanaonyesha moshi unapotokea. Ufa mwembamba unaofuata ukingo wa welding ni uchovu wa chuma. Ukuta uliokonda hadi bisibisi inapenya ni kutu. Gasketi iliyoungua huku bolti zimelegea ni mtikisiko au ufungaji mbaya. Na ufa ukirudi sentimita moja kando ya kiraka, hiyo ni habari muhimu kuliko zote: kiraka kimeshika, nguvu imehamia pembeni yake, na chanzo bado kipo.

Hapo fundi mzuri huliacha bomba kwanza na kuigeukia injini. Anachukua mtaimbo, anaiinua injini kidogo na kutazama mauntini zake, ile mipira inayoibeba. Mpira uliopigwa joto na kumwagikiwa oili huwa mgumu au huachana na chuma chake, na injini hurukaruka kupita kiasi. Anasikiliza kama silinda zote mbili zinawaka, maana injini nyingi za magari haya ni za silinda mbili. Plagi moja ikikosa moto, injini inatikisika vibaya, na petroli ambayo haikuungua inaweza kulipuka ndani ya sailensa. Kabureta inayotoa mafuta machache kuliko hewa inavyohitaji inaongeza joto la moshi. Puli za mkanda unaotoa nguvu kwenye injini, zikilika upande, nazo huleta mtikisiko, na ni rahisi kukisingizia kitu kingine.

Swali kubwa linabaki hili: sailensa imefungwa wapi? Ikibebwa yote na injini, inacheza pamoja nayo na bomba halivutwi. Ikifungwa kwenye fremu, lazima katikati pawe na kiungo kinachokubali kucheza, yaani bomba la mikunjo linalonyumbulika au kiungo cha duara kinachobanwa kwa springi. Kinachoua ni mchanganyiko: mwanzo umefungwa kwenye injini, mwisho kwenye fremu, na katikati kuna bomba gumu. Hali hii mara nyingine hutengenezwa na mtu mwenye nia njema aliyeona sailensa inacheza akaongeza bano la kuituliza. Bano hilo ndilo linaloleta ufa, na kuliondoa ni matengenezo kamili.

Namna ya kufunga ina uzito wake. Bolti zote ziwekwe zikiwa zimelegea, kisha zikazwe kuanzia kwenye injini kwenda nje. Kama uso wa bomba haukutani na uso wa injini na fundi akauvuta kwa nguvu ya bolti, bomba limeanza kazi likiwa tayari limekazwa kabla injini haijawashwa.

Kupuuza moshi unaovuja ndani ya beseni ni hatari kwa uhai. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ileile inayowaua watu waliolala chumbani na jiko la mkaa. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika baridi ya Kanada wengi hufunika gari kwa turubai, na upepo ukivuma kutoka nyuma wakati gari linatambaa majini, moshi hubaki na abiria. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu kuingia, injini izimwe na watu watoke. Ufa huohuo unaweza kuelekeza gesi ya moto kwenye bodi, na plastiki yake huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 130. Nyasi kavu zinazojikusanya juu ya sailensa zimeshachoma magari ya porini mengi, kwa hiyo kuzitoa kila baada ya safari si usafi wa kupendeza macho.

Chanzo kikishaondolewa, ndipo welding inapata maana. Bomba litolewe nje ya gari kabisa. Kuchomelea likiwa ndani, karibu na plastiki na harufu ya petroli, ni kuchezea moto. Mwisho wa ufa utobolewe tundu dogo la milimita 3 ili usiendelee kutembea, kutu ikwanguliwe hadi chuma safi, kisha ufa upanuliwe ili welding iingie hadi ndani. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji gesi ya argoni ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani utaungua na kuwa na chembechembe dhaifu. Vipande vizito vya kuimarisha vitumike kwa tahadhari, kwa sababu mahali kinapoishia kipande ndipo ufa ujao utakapoanzia. Ukanda wa kuzuia joto unaozungushwa kwenye bomba hunywa maji ya mtoni na kuharakisha kutu. Bati la alumini lililoachiwa nafasi ya hewa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Baada ya safari ya kwanza injini iachwe ipoe, kisha bolti zote zikaguliwe tena, kwa kuwa gasketi mpya hujibana ikipata moto. Alama ya rangi iliyopigwa kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha jirani itaonyesha, kwa kutupia jicho tu, nati ipi imeanza kufunguka.