Msanii Aliyesimama na Wavujajasho

Katika visiwa vyetu filamu ya Kihindi si mgeni wa kutambulishwa. Kwa miaka mingi majumba ya sinema ya mjini Unguja yalijaa watu wasiojua hata neno moja la Kihindi, nao wakatoka wakiimba nyimbo zake, hata watu wa taarabu wakazitia sauti zile maneno ya Kiswahili. Lakini tumezoea kukumbuka ngoma na mapambo, tukawasahau wasanii walioitumia sinema kusema kweli. Mmoja wao, na kwa maoni yetu aliye mbele yao, ni Balraj Sahni.

Sahni alizaliwa tarehe 1 Mei, 1913, katika mji wa Rawalpindi, ambao leo umo Pakistani. Alizaliwa katika nyumba yenye uwezo, akasoma Lahore hadi akahitimu shahada ya juu ya fasihi ya Kiingereza. Angeweza kustarehe. Badala yake alikwenda kufundisha Santiniketan, katika chuo cha mshairi Tagore, na mwaka 1938 akafanya kazi chini ya Gandhi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa London, mtangazaji wa BBC. Aliporejea nyumbani alijiunga na IPTA, chama cha michezo ya kuigiza ya umma, akacheza katika filamu ya Dharti Ke Lal ya mwaka 1946, iliyoeleza njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943.

Msimamo wake wa kikomunisti ulimtia gerezani. Akiwa mfungwa alitolewa kwenda kupigwa picha za filamu ya Hulchul, iliyoonyeshwa mwaka 1951, kisha akarudishwa ndani.

Kazi iliyomtukuza ni Do Bigha Zamin, ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Bimal Roy. Bigha mbili za Bengal hazifiki eka moja. Shambhu, mkulima fukara, anadaiwa na kabaila anayeitaka ardhi hiyo ili pajengwe kiwanda. Shambhu anaamini deni ni rupia 65. Kwenye vitabu vya bwana limekuwa 235, na mahakama inampa miezi mitatu tu. Anakwenda Calcutta kukokota riksho kwa miguu yake. Mwisho wa yote ardhi inapotea. Anapoinama kuchota gao moja la udongo uliokuwa wake, mlinzi anamnyang'anya hata huo.

Sahni alijifunza kukokota riksho katika mitaa ya Calcutta, lakini moyo ulimwingia shaka: vipi msomi aliyelelewa kwa raha ataweza kuwa Shambhu? Ndipo akakutana na mkokotaji mmoja wa makamo, ambaye alimsimulia jinsi ardhi yake ilivyoshikwa na kabaila kwa deni. Kisa kilikuwa kile kile cha filamu. Tangu hapo, kama alivyoeleza mwenyewe, aliacha kuhangaika na nadharia za uigizaji, akambeba mtu yule moyoni. Mwaka 1954 filamu hiyo ilipata tuzo katika tamasha la Cannes.

Katika lugha pia alikuwa na msimamo. Tagore alimhimiza aandike kwa lugha ya mama yake, naye baadaye akawa mwandishi wa Kipunjabi. Mwaka 1972, akiwahutubia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, aliwaonya juu ya fikra za kitumwa zinazobaki baada ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Kazi yake kubwa ya mwisho ni Garm Hava, ambamo alikuwa Salim Mirza, Mwislamu wa Agra mwenye kiwanda cha viatu, anayekataa kuihama nchi yake baada ya India kugawanywa mwaka 1947. Hakuwahi kuiona ikionyeshwa. Alifariki tarehe 13 Aprili, 1973, zikiwa zimesalia siku chache atimize miaka 60.

Kwa nini tunamkumbuka leo? Kwa sababu Shambhu si mgeni kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mkulima wa visiwa hivi alipewa eka tatu ili asije akakosa hata gao moja la udongo. Eka hizo ni amana. Ardhi ya Shambhu ilichukuliwa kwa mahesabu, kwa mihuri na kwa jina la maendeleo. Basi ndugu zetu wenye dhamana, kabla ya kutia saini karatasi inayogeuza shamba la mnyonge kuwa kiwanja cha mwenye fedha, wajiulize mlinzi yule wa mwisho wa filamu alikuwa akimtumikia nani. Na wasanii wetu vijana wajue kwamba kabla ya kumwigiza mnyonge, ni wajibu kwanza kuketi naye na kumsikiliza.