Bendera Hushushwa, Kufuli ya Bweni Hubaki

Hebu tucheze mchezo kidogo. Nikikwambia "msiba wa kitaifa", wewe hesabu hatua za serikali. Rambirambi mtandaoni kabla hujanywa chai. Msafara wa magari makubwa hadi eneo la tukio. Waziri mbele ya maikrofoni kumi, akisema wahusika watachukuliwa hatua kali za kisheria. Jopokazi. Siku tatu za maombolezo. Umezijua zote, si ndio? Hata hukuhitaji kufikiria. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia.

Chukua moto wa Endarasha. Usiku wa 5 Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, lilishika moto. Wavulana 21 wa shule ya msingi waliaga dunia. Bweni hilo moja lilikuwa likilaza zaidi ya watoto 150. Siku iliyofuata, Rigathi Gachagua, ambaye wakati huo alikuwa Naibu Rais, alisema watoto 70 hawakujulikana waliko. Hesabu hiyo ilishuka kadiri watoto walivyopatikana kwa wazazi na kwa majirani. Fikiria wewe ni mzazi umesimama pale langoni, na serikali nzima haiwezi kukwambia mwanao yuko upande gani wa hesabu. Rais William Ruto akatangaza siku tatu za maombolezo kuanzia 9 Septemba, bendera zikapepea nusu mlingoti.

Mimi sina ugomvi na bendera. Kuomboleza ni utu, na familia zile zilistahili nchi nzima inyamaze kidogo. Lakini bendera haifungui mlango uliofungwa, wala haing'oi chuma dirishani. Na hii habari ya milango na vyuma, buda, si ya jana.

Machi 2001, shule ya sekondari ya Kyanguli kule Machakos: wavulana 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na vyuma. Kabla ya hapo, 1998, wasichana zaidi ya 20 walikuwa wameteketea Bombolulu, huko Pwani. Septemba 2017 ikawa zamu ya Moi Girls, hapa hapa Nairobi, wasichana 10. Kila mara tulilia, na kila mara tukaahidiwa kwamba haitatokea tena.

Sasa ukidhani tatizo ni kwamba serikali haikujua la kufanya, pole. Ilijua, tena kwa maandishi. Tangu 2008 Wizara ya Elimu ina mwongozo wa usalama shuleni. Unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma. Milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya angalau mita 1.2. Si sayansi ya kurusha roketi, ni kazi ya fundi wa mtaani na siku mbili tatu. Mwaka 2020, Mkaguzi Mkuu wa Serikali mwenyewe alitoa ripoti kwamba shule nyingi za sekondari za umma hazikuwa tayari kukabiliana na moto. Ripoti ikasomwa, ikawekwa kabatini, maisha yakasonga.

Halafu kuna hii ambayo wengi waliisifu. Novemba 2024, miezi miwili tu baada ya Endarasha, wizara ilifunga sehemu za malazi katika shule 348 kwa sababu hazikutimiza viwango. Watu wakasema, angalau leo wamefanya kitu. Nakubali, ni kitu. Lakini tulia uitafakari hiyo hesabu. Kama shule 348 ziliweza kupatikana ndani ya wiki chache, basi ziliweza kupatikana hata mwaka uliotangulia. Hazikuwa zimejificha msituni. Zilikuwa na mabango barabarani, zikipokea karo kila muhula, na watoto wakilala humo usiku baada ya usiku. Ukaguzi ule ulionyesha kwamba kazi ilikuwa inawezekana siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuifanya kabla ya mazishi.

Najua utetezi utakaotolewa. Ati shule ni nyingi, wakaguzi ni wachache, bajeti ni finyu. Sawa. Ati wazazi wenyewe wanang'ang'ania bweni kwa sababu kazi za mjini haziwaachi hata muda wa kusimamia homuwaki. Hiyo pia ni kweli, na iko kwetu wengi. Lakini kufuli haihitaji bajeti ili itolewe. Na kama mkaguzi hana mafuta ya gari, mbona mafuta ya msafara hupatikana siku ya msiba?

Swali lingine. Moto ukitokea, tunamsaka nani? Mwanafunzi aliyewasha kiberiti. Na kama kweli amewasha, ajibu kortini, hakuna mjadala. Lakini mwenye kiberiti hakujenga bweni lenye mlango mmoja. Aliyelipitisha kwamba linafaa kulaza watoto ana jina, ana ofisi na ana mshahara. Wewe unakumbuka jina la afisa mmoja aliyewahi kupoteza kazi kwa sababu alitia saini mahali ambapo hakufika? Mimi nimejaribu kukumbuka, nimeshindwa. Hadi siku tutakapokuwa na jibu la swali hilo, maombolezo yatabaki njia rahisi ya serikali kusema pole bila kusema "ni sisi".

Basi tufanyeje? Wengi wetu tuna bro au sista mdogo, ama binamu, anayelala bwenini leo usiku. Siku ya kuwatembelea tunabeba chapati, kuku na soda. Safari ijayo ongeza tepu ya fundi. Omba kuuona mlango wa bweni, uone unafunguka kwa upande gani. Shika dirisha. Pima kutoka kitanda hadi kitanda. Uliza ufunguo hukaa na nani saa nane ya usiku, na huyo mtu hulala wapi. Ukiambiwa wageni hawaruhusiwi bwenini, omba cheti cha ukaguzi, utazame tarehe.

Hiyo kazi si yako, ni ya mtu anayelipwa kwa kodi unayolipa. Mwandikie hivyo ukishapima. Weka vipimo, weka picha, weka jina la shule, na ubaki na nakala. Siku akija mbele ya maikrofoni kusema hakujua, uwe na kitu cha kumwonyesha.