Adui wa Dizeli ya Pwani ni Maji

Kuna malori Pwani ambayo yalianza kazi kwenye theluji. Yalitumika kwanza Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani, yakauzwa mnadani, yakashushwa Kilindini kabla ya kupita ile miaka 8 ambayo Kenya inaruhusu kwa gari kuukuu, na leo yanabeba chumvi ya Gongoni na Marereni, mawe ya timbo za Kilifi na mananasi ya Magarini. Magari ya huko hutayarishwa kwa baridi: betri kubwa kuliko kawaida na, mara nyingine, hita ndogo ya umeme iliyokaa kwenye kichwa cha filta ya dizeli. Mwenye lori wa Malindi huiona kwa mara ya kwanza siku fundi anapofungua filta. Ni haki yake kuuliza kifaa hicho kina kazi gani huku, na kama lori lake lingine lisilo nacho nalo lifungiwe. Jibu langu ni kwamba hapa hita haina kazi, na kwamba pesa ambayo mtu angeitia kwenye hita aitie kwenye kitenganisha maji, kwa sababu kinachoziba filta na kula nozeli kwenye joto na unyevu wa Pwani ni maji.

Tuanze na hita yenyewe. Ndani ya dizeli mna nta. Siku ya joto nta hiyo imeyeyuka na haionekani. Mafuta yakipoa kupita kiasi inaanza kuganda chembechembe, dizeli inapata ukungu, kisha chembe hizo zinajikusanya kwenye karatasi ya filta hadi mafuta hayapiti tena na injini inazimika njiani. Mtu wa Kilifi hahitaji kwenda Hokkaido ili alielewe hili. Chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya Julai huwa nyeupe na nzito, kwa kuwa mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na jua likipanda yanarudi kuwa maji. Dizeli hufanya vivyo hivyo, ila kwenye baridi kali zaidi. Ndiyo sababu Ulaya huuziwa dizeli ya kiangazi na dizeli ya majira ya baridi, na Japani ina madaraja matano ya dizeli. Daraja la 3, ambalo ni la maeneo ya baridi kama Hokkaido, linatakiwa lisizibe filta hata mafuta yakifika nyuzi 12 chini ya sifuri. Marekani na Kanada watu huchanganya dizeli na mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa, kihalali, ili nta ichelewe kuganda. Hapa Kenya mchanganyiko huo ni kosa, kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji, na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, hutia alama ya kemikali kwenye mafuta ili wanaochanganya wagundulike. Hita ni nyongeza juu ya hatua hizo za nchi za baridi: ama umeme unaopasha filta, ama maji ya moto ya rejeta yanayozungushwa kwa bomba hadi kwenye filta au tangi.

Malindi, hata usiku wa Julai kusi ikivuma, ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20. Nta ya dizeli haina habari na baridi kama hiyo. Lakini hoja ya kwanza ya kunipinga ni nzito, nayo ni kwamba chumvi haiishii Malindi. Inapanda Nairobi, Nakuru, inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kabla ya kuteremka Eldoret na Malaba, na usiku wa huko dereva hulala na koti. Ni kweli. Hata hivyo lori linalopita Timboroa linapita likiwa na dizeli yenye joto lake. Tangi la lita 300 halipoi kwa saa mbili, na injini ikiwa inafanya kazi si dizeli yote inayovutwa inayochomwa: nyingine hupita kwenye pampu na nozeli, huzipoza na kuzilainisha, kisha hurudi tangini ikiwa imepata moto. Lori hujipashia mafuta lenyewe. Lile lililolala huko juu likakataa kuwaka alfajiri, fundi mwenye busara hupima betri kwanza, kisha plagi za kupasha silinda, kisha akachunguza kama pampu inavuta hewa, maana baridi huzidhoofisha betri mapema sana kabla haijaigandisha nta. Mtu akitaka kumfungia dereva wa Timboroa kitu, ampe betri nzuri.

Sasa tuje kwenye maji, ambako ndiko hasara iliko. Lori limeegeshwa jioni Marereni na robo tangi. Mchana kutwa jua limelipasha tangi, na sehemu ya hewa iliyo juu ya dizeli imetoka kupitia tundu la kupumulia. Usiku chuma kinapoa, hewa iliyobaki inajikunja, na tangi linavuta hewa mpya kutoka nje, hewa ya baharini iliyojaa unyevu. Unyevu huo unatua kwenye kuta za tangi zilizo tupu, unakuwa matone, na matone yanateremka hadi chini kabisa, kwa kuwa lita ya dizeli ina uzito wa kilo 0.84 tu hivi ilhali lita ya maji ni kilo moja. Kwa usiku mmoja ni kidogo mno. Kwa msimu mzima wa masika, kwa lori ambalo kila jioni linalala na tangi karibu tupu, hayo ni maji ya kuhesabiwa. Na hiyo ni njia moja tu. Kuna mfuniko wa tangi uliopoteza mpira wake, kuna jerikeni na mapipa ya kule ndani Ganze na Magarini yanayolala nje mvua ikinyesha, na kuna matangi ya chini ya ardhi ya vituo vya mafuta, ambayo mafuriko yakija, kama yale ya El Niño ya mwishoni mwa 2023, yanahitaji mifuniko mizima kuliko wakati mwingine wowote. Zaidi ya hayo, dizeli yenye joto huyeyusha maji kidogo ndani yake, na ikipoa inayatema. Maji yaliyoyeyuka hupita kwenye filta bila kuonekana.

Maji haya hayakai bure. Pale yanapokutana na dizeli huota kuvu na bakteria, wanaoishi majini na kula mafuta. Kuvu anayejulikana zaidi, Hormoconis resinae, alipata sifa mbaya kwanza kwenye matangi ya ndege, na anapenda joto la aina ile ile iliyopo Pwani mwaka mzima. Anachoacha ni utando mweusi wenye utelezi. Filta ya lori lililoathirika ukiikata, karatasi yake huwa imepakwa ute kama wa matope, na harufu yake imechacha, si ile ya dizeli safi. Hapa ndipo ulipo ufanano wa kushangaza kati ya Hokkaido na Malindi: kote lori linapoteza nguvu mlimani, kote filta imeziba kabla ya wakati wake, na fundi asiyeifungua filta hawezi kujua ni nta au ni ute. Ila nta ukiipasha inayeyuka, na ute ukiupasha unanenepa.

Kuziba kwa filta bado ni nafuu. Maji yakiipita filta yakafika mbele, bili inabadilika. Injini za kisasa husukuma dizeli kwenye reli moja kwa mgandamizo wa bar 1,600, nyingine 2,000 na zaidi, na ndani ya nozeli nafasi kati ya chuma na chuma ni maikroni mbili au tatu, ilhali unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Vyuma hivyo havina grisi. Kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Tone la maji likiingia hapo, utando wa mafuta unakatika na chuma kinasuguana na chuma, na kama maji hayo yamebeba chumvi ya bahari, kutu inaanza usiku ule ule lori limelala. Pampu za zamani, za malori ya miaka ya 1980 na 1990, zilifanya kazi kwa mgandamizo mdogo na zilivumilia mengi. Uvumilivu huo ndio uliowafanya wenye malori wengi waamini kwamba maji kidogo si kitu, na imani hiyo wameihamishia kwenye injini zisizoweza kuibeba.

Wapo wanaosema kwamba, kama tatizo ni unyevu, basi hita ingeukausha. Haiukaushi. Maji yaliyo chini ya dizeli hayana pa kutokea, na dizeli iliyopashwa hubeba maji mengi zaidi yaliyoyeyuka hadi kwenye nozeli. Tena dizeli ya moto ni nyepesi na hulainisha vibaya. Hupanuka kama lita 8 kwa kila lita 1,000 ikiongezeka joto kwa nyuzi 10, kwa hiyo kila sindano ya nozeli inapeleka mafuta pungufu kidogo kwa uzito, na nguvu inapungua. Watengenezaji wa baadhi ya magari ya dizeli hufunga kipozeo kwenye bomba la kurudishia mafuta. Kwa lori linalopanda kutoka Mariakani na mzigo kamili mwezi wa Machi, kuongeza joto ni kurudi nyuma.

Hoja nyingine husema lori tayari lina filta yenye kikombe cha maji, kwa hiyo ya nini kununua nyingine. Hii nusu yake ni kweli, na kwa lori dogo la mjini nusu hiyo inatosha. Kikombe cha kiwandani ni kidogo, na kimewekwa kwa kudhani kwamba dizeli inatoka kwenye pampu safi siku zote. Lori la timbo au la chumvi, linalojaziwa mara pampuni mara pipani, linahitaji kitenganisha kikubwa zaidi kabla ya pampu, kama vile vinavyofungwa kwenye mashua za uvuvi za Watamu na Malindi. Huko mabaharia hawahitaji kushawishiwa, kwa sababu injini ikizima nje ya miamba hakuna pa kuegesha. Lakini kikubwa au kidogo, kikombe kisichomwagwa ni pambo. Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Alfajiri, kabla ya kuwasha, maji yakiwa yametulia usiku kucha, taniboi anaweka chupa ya plastiki inayopenya mwanga chini ya kikombe na kulegeza skrubu mizunguko miwili. Kinachotoka kwanza, kama maji yapo, ni cheupe na kizito, kinatua chini ya chupa, halafu dizeli ya manjano inakuja juu yake, na mpaka kati yao unaonekana wazi kama mstari wa kalamu. Ikitoka dizeli tupu, skrubu inafungwa na pampu ya mkono inabonywa hadi iwe ngumu, hewa imetoka. Chupa ile isimwagwe hapo mchangani. Visima vingi vya Kilifi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe wenye matundu tele, na kinachomwagwa juu hakichelewi kufika kwenye maji ya kunywa.

Kujaza tangi jioni kungepunguza maji kuliko kifaa chochote, na hapa pingamizi la wenye malori nalielewa vizuri: tangi lililojaa usiku ni mwaliko kwa wezi wa dizeli. Siwezi kumwambia mtu ajaze lita 300 kisha alale akisali. Kufuli ya mfuniko na wavu ndani ya shingo ya tangi vinapatikana kwenye maduka ya spea, na hata nusu tangi hutoa jasho kidogo kuliko robo. Kwenye kituo, mteja ana haki ya kuomba fimbo ya kupimia iliyopakwa rojo linalobadilika rangi likigusa maji, na ni vyema kuahirisha kujaza iwapo gari la kuleta mafuta linashusha wakati huo, kwa sababu mashapo yote ya chini yametibuliwa.

Ipo hali moja Pwani ambapo hita ya dizeli ingekuwa na kazi halali, nayo haihusu baridi. Ni pale injini inapoendeshwa kwa mafuta ya mimea. Injini ya mvumbuzi Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, na kisiwani Bougainville, miaka ya 1990, wakati wa vita na kuzingirwa, watu waliendesha magari yao kwa mafuta ya nazi. Kilifi ni mojawapo ya kaunti zinazoongoza kwa minazi nchini, kwa hiyo wazo hilo litarudi tena na tena. Mafuta ya mimea ni mazito kutiririka kupita dizeli mara kumi hivi, na lazima yapashwe hadi karibu nyuzi 70 ndipo nozeli iweze kuyapuliza. Anayetaka kujaribu njia hiyo anahitaji hita, tangi la pili la dizeli ya kuwashia na kuzimia, na injini ya zamani yenye pampu ngumu, si ya reli.

Kwa aliyenunua lori lenye hita ya Hokkaido, hakuna haja ya kuing'oa kwa haraka. Hita nyingi za umeme zina swichi inayojikata mafuta yakipata joto, na Malindi swichi hiyo haitawaka kamwe ikiwa nzima. Iliyoharibika ndiyo ya kuogopwa, kwa hiyo fundi aipime kwa mita, injini ikiwa imewaka, na akikuta umeme unapita aichomoe plagi na kuziba ncha zake dhidi ya hewa ya chumvi. Ile inayotumia maji ya rejeta hukatwa kwa kuunganisha bomba mbili zake moja kwa moja. Kitenganisha maji kikifungwa, kikae kwenye chesisi kati ya tangi na pampu ya kuvuta, mbali na ekzosi, kwenye kimo ambacho dereva anakiona kikombe bila kulala chini ya lori.