Inayoziba Ndiyo Inayokinga: Kuchagua Kinga ya Masikio kwa Walenga Shabaha

Mwishoni mwa Julai 2024, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris, Mturuki Yusuf Dikeç alisimama mstarini mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni na vizibo vidogo vya manjano masikioni. Yeye na Şevval İlayda Tarhan wakatwaa medali ya fedha ya bastola ya hewa ya mita 10, timu mchanganyiko. Picha yake ilizagaa dunia nzima, na si ajabu mtu akiitazama akaamini kwamba mlenga shabaha hodari hahitaji zaidi ya vizibo viwili.

Imani hiyo ni ya hatari. Bastola ya hewa haina baruti. Husukuma kirisasi chake kwa hewa iliyoshindiliwa, na mlio wake hauumizi sikio. Wengi wanaoitumia huvaa kinga ili makelele ya ukumbini yasiwavurugie utulivu. Mtu akiiweka chini bastola ya hewa akashika bastola ya milimita 9 au shotigani, ameingia mchezo mwingine kabisa kwa upande wa masikio, hata kama shabaha ni ileile. Makala haya yanawahusu wanaotumia baruti: wanachama wa klabu za shabaha, wawindaji, na wote wanaosimama karibu nao.

Kwanza tuujue ukubwa wa mlio wenyewe. Sauti hupimwa kwa desibeli, na ngazi za kipimo hiki hazilingani na ngazi za rula. Ukipanda desibeli 20, mgandamizo wa hewa umeongezeka mara 10 na nishati yake mara 100. Bunduki ndogo ya .22 hufikia karibu desibeli 140 sikioni mwa mpigaji. Bastola nyingi na shotigani za geji 12 huwa kati ya 150 na 165, na raifali kubwa za kuwindia huweza kuvuka hapo. Wataalamu wa afya kazini wameifanya 140 kuwa ukomo wa mlio wa ghafla ambao sikio la mtu mzima lisilo na kinga halipaswi kuuvuka. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani limeshauri ukomo wa 120. Kwa hiyo karibu kila silaha ya baruti, hata ile ndogo ya kujifunzia, imeshaufikia ukomo huo kwa risasi ya kwanza tu.

Sikio halina njia ya kujitetea mbele ya kishindo cha namna hii. Lipo sikio la kati lenye misuli midogo inayokaza sauti kubwa inapoingia, lakini misuli hiyo huhitaji makumi ya milisekunde kujibu. Kishindo cha risasi hufika kileleni na kuanza kushuka kabla haijaanza kazi. Pigo lote hupokelewa na sikio la ndani, mahali penye chembe elfu kumi na kitu zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Kwa binadamu, chembe hizo zikifa hazioti tena.

Walenga shabaha wengi huniambia kwamba masikio yao huziba na kulia baada ya mazoezi, kisha kesho yake mambo hurudi kawaida, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Ningetamani iwe kweli. Mwaka 2009, watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba baada ya kelele kubwa kipimo cha usikivu kinaweza kurudi pale pale, huku viungio vingi kati ya chembe za sikio na neva vikiwa vimekufa moja kwa moja. Mlio masikioni baada ya mazoezi uuhesabu kuwa dalili ya jeraha, hata ukitoweka usiku huohuo.

Hasara huanzia kwenye sauti nyembamba, hasa kati ya hezi 3,000 na 6,000. Ndiyo maana aliyeumia hudai kwamba anasikia vizuri, ila watu siku hizi hawatamki sawasawa. Anausikia mngurumo wa gari na sauti nzito ya mwanamume, lakini “saba” na “shaba” zimeanza kufanana, na sauti ya mjukuu inampotea kwenye chumba chenye watu wengi. Kwa mtumia raifali au shotigani wa mkono wa kulia, sikio la kushoto mara nyingi ndilo linalotangulia kuumia, kwa sababu ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu wakati la kulia limefichwa kidogo na kichwa. Jambo hili si geni: daktari Mwingereza Joseph Toynbee aliliona kwa wawindaji waliomjia, akaliandika katika kitabu chake cha maradhi ya sikio cha mwaka 1860.

Sasa tuingie dukani. Kila pakiti ya kinga ina namba. Zilizopimwa kwa utaratibu wa Marekani huandikwa NRR, na za Ulaya huandikwa SNR. Namba hizi mbili hutokana na hesabu tofauti, kwa hiyo usilinganishe NRR ya bidhaa moja na SNR ya nyingine. Jambo zito zaidi ni kwamba zote hupatikana maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu wakiwa wametulia. Kiwanjani kuna jasho, haraka, miwani na nywele. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilishauri mwaka 1998 namba ya NRR ipunguzwe kabla ya kuitegemea: robo kwa vifuniko vya masikio, nusu kwa vizibo vya sponji, na asilimia 70 kwa vizibo vingine. Hivyo kizibo cha sponji chenye NRR 32 kihesabu kuwa 16, na kifuniko chenye NRR 28 kihesabu kuwa 21.

Tazama upunguzaji huo unavyotufunulia mambo. Sponji ile ile iliyoonekana kushinda dukani imeshindwa na kifuniko chenye namba ndogo. Kasoro haikuwa kwenye sponji, bali kwenye namna watu wanavyoivaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kinga ya masikio ufa ni kila kitu, kwa sababu upenyo mdogo kando ya kizibo unatosha kuifuta kazi ya kifaa ghali. Na kwenye sikio la ndani hakuna fundi wa kuujenga ukuta uliokwisha kubomoka. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kabati la duka liwe: je, hiki kitaziba kwenye sikio langu, kwa muda wote nitakaokuwa kiwanjani?

Vizibo vya sponji ni rahisi kwa bei na ni bora sana vikivaliwa ipasavyo. Nawa mikono. Kisokote kizibo kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, livute sikio juu na nyuma ili mfereji wake unyooke, kisha kiingize na kukishikilia kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka kijae. Kikiwa kimekaa, sauti yako mwenyewe itasikika nzito, kama inatoka ndani ya kichwa. Njia nyingine ya kujipima ni kufunika masikio kwa viganja palipo na kelele: kelele zikipungua sana unapofunika, kizibo chako kinavujisha. Matundu ya masikio hayalingani, hata ya mtu mmoja. Wanawake na vijana wengi huhitaji saizi ndogo, na wapo wanaohitaji saizi tofauti kulia na kushoto.

Vizibo vinavyofinyangwa kwa umbo la sikio lako na mtaalamu wa usikivu hukaa vilevile kila siku, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Havizuii sauti zaidi kuliko sponji iliyovaliwa vyema, lakini huondoa bahati nasibu ya uvaaji. Vipo pia vizibo vyenye kitundu au kichujio, vinavyopitisha mazungumzo na kubana zaidi kishindo kinapokuja. Vinamfaa mwindaji anayefyatua mara chache mahali pa wazi. Ndani ya jengo havitoshi. Jeshi la Marekani liliwahi kuwagawia askari wake vizibo vya aina hiyo, na mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6 kumaliza madai ya walioharibikiwa masikio, bila kukiri kosa. Malalamiko ya msingi yalikuwa kwamba kizibo ni kifupi mno, kinalegea sikioni bila mvaaji kutambua. Kwa maneno mengine, hakikuziba.

Vifuniko vya masikio, vile vinavyofanana na hedifoni kubwa, huvaliwa kwa haraka na mwalimu anaweza kuviona toka mbali. Adui zake ni vitu vinavyopita kati ya mto wake na ngozi: mikono minene ya miwani, rasta, kofia, hijabu. Miwani ya usalama haivuliwi, kwa hiyo chagua yenye mikono myembamba iliyonyooka. Mwenye hijabu aanze na vizibo, kisha vifuniko viwekwe chini ya kitambaa vikigusa ngozi, hijabu ipite juu yake. Kwa raifali na shotigani kuna tatizo jingine: shavu likilala kwenye kitako cha bunduki, kifuniko kinene hugonga kitako na kunyanyuka wakati ule ule wa kufyatua. Tafuta vifuniko vyembamba sehemu ya chini, na ukivijaribu dukani chukua mkao wako wa kulenga. Joto na jasho la pwani hukakamaza mito yake. Ikipasuka au ikiwa migumu, ibadilishe.

Vifuniko vya kielektroniki vina maikrofoni zinazopitisha sauti ndogo na kuzikata kubwa. Kinachozuia kishindo ni bakuli na mto, betri iwe imejaa au imekwisha. Umeme haukuongezei ukingaji. Ila unakuongezea jambo la maana sana: unasikia amri ya kusitisha, unazungumza na mwalimu, na hupati kishawishi cha kufunua sikio moja. Watu huumia katika dakika hizo za kufunua. Mwanariadha wa mashindano ajue kwamba kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, haziruhusu wapigaji kuvaa kinga zenye vifaa vya kupokea sauti.

Kwa silaha ya baruti, ushauri wangu ni mmoja, na ndio wa NIOSH pia: vaa viwili pamoja, vizibo ndani na vifuniko juu. Hesabu zake hazijumlishwi. Chukua kinga kubwa kati ya hizo mbili, ongeza takriban desibeli 5. Katika mfano wetu, 21 inakuwa 26. Mlio wa bastola wa 160 ukikutana na kifuniko peke yake unabaki kama 139, ukingoni kabisa mwa hatari; ukikutana na vyote viwili unashuka karibu 134. Haya ni makadirio, kwa kuwa namba za pakiti hupimwa kwa kelele za mfululizo badala ya vishindo, lakini yanaonyesha kwa nini kinga ya pili haivaliwi kwa anasa. Tena, kizibo kikilegea kidogo, kifuniko bado kipo kazini.

Mahali nako kuna uzito wake. Ndani ya jengo, kuta hurudisha kila kishindo, chako na cha jirani. Kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachopunguza msukumo wa bunduki begani huelekeza mlio pembeni na nyuma, kwa wenzako. Kiwambo cha sauti hushusha mlio, mara nyingi kwa desibeli 20 hadi 30, lakini hakikupi ruhusa ya kuacha kinga. Na usitumie pamba, karatasi, maganda ya risasi wala hedifoni za muziki.

Kinga hizi si za mpigaji peke yake. Mwandishi wa alama, mwalimu, mtoto aliyekuja na baba yake, wote wako ndani ya kishindo kilekile. Katika uwindaji wa kitalii Tanzania, mfuatilia nyayo huweza kusimama hatua chache kando ya raifali kubwa, mbele kidogo ya mpigaji, mahali pabaya kuliko pote. Anayegharamia risasi za safari hana udhuru wa kukosa vizibo vya wafanyakazi wake.

Anayeanza mchezo huu leo apime usikivu kabla ya risasi ya kwanza, apate rekodi ya kulinganishia, kisha arudie kila mwaka. Bajeti ikiwa ndogo, anunue pakiti ya sponji za saizi yake na vifuniko vya kawaida vyenye mito laini, kabla ya kufikiria vya kielektroniki. Na viongozi wa klabu waweke kanuni moja isiyo na mjadala: mstari haufunguliwi mpaka kila sikio kiwanjani, la mpigaji na la mtazamaji, liwe limezibwa na kukaguliwa.