Je, Wajua? Ukibadilisha Mazabodi, Ufunguo wa Diski Huenda Ukaondoka Nayo

Kompyuta ikiwekewa mazabodi na prosesa mpya, si lazima Windows ipigwe upya. Windows 10 na 11 mara nyingi hutambua vifaa vipya na kuwaka zenyewe. Kinachoyumba ni leseni, kwa kuwa hufungamanishwa na mazabodi. Tangu 2016 unaweza kuiunganisha na akaunti yako ya Microsoft ili uihamishe, ila ile iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida haihami.

Hatari kubwa ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo wa siri, ikiwa imewashwa. Ufunguo huo hulindwa na TPM, chipu ya usalama iliyo kwenye mazabodi au ndani ya prosesa, hivyo ukibadilisha kifaa hicho ufunguo huondoka nacho. Bila namba ya kurejesha yenye tarakimu 48, mafaili hayafunguki, na hakuna fundi wa kuyaokoa. Kwa mfano, mtu wa Ngenge, mkoani Kagera, anayepeleka kwa fundi Muleba au Bukoba kompyuta yenye hesabu za kahawa za chama cha msingi cha ushirika aiandike namba hiyo kwenye karatasi, na mafaili ayanakili kabla hajaondoka nyumbani.

Kwa upande wa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa kawaida hakuna leseni ya kununua inayofungamanishwa na mazabodi. Viendeshi vyake vingi vimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, hivyo mara nyingi huwaka palepale kwenye mazabodi mpya.