Urithi Ulioko Jikoni: Meza za Zamani za Lushoto

Italia ina chama cha migahawa na hoteli za kihistoria kilichoanzishwa mwaka 1976, na sharti lake kubwa ni umri: nyumba iwe imetimiza miaka 70 na bado inahudumia watu. Si ajabu kwa nchi ambayo Caffè Florian ya Venice imekuwa ikiuza kahawa tangu mwaka 1720. Hata hivyo, upishi wa Kiitaliano haukujengwa na nyumba za fahari peke yake. Umebebwa zaidi na trattoria, mgahawa wa ukoo katika mji mdogo, ambako bakuli kubwa huwekwa katikati ya meza, kila mtu akajipakulia, na chakula cha siku ni kile kilichopatikana shambani au sokoni asubuhi ile. Tanzania nayo ina mji mdogo wa mlimani wenye meza za aina hiyo, nao ni Lushoto, katika milima ya Usambara. Ninashikilia kwamba meza hizo ni urithi unaostahili kutunzwa, na kwamba thamani yake haimo katika kuta zilizojengwa na wakoloni wala katika ugeni wa mapishi, bali katika uhusiano wa jiko, shamba na watu wanaokula pamoja.

Tazama jinsi meza hizo zinavyofanya kazi. Barabara inaacha joto la Mombo, chini ya milima, inapita Soni na kupanda hadi Lushoto, kama kilomita 33, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Kwa baridi hiyo hustawi kabichi, karoti, viazi mviringo, letusi, peasi na plamu, na malori huviteremsha kila siku kwenda masoko ya Dar es Salaam. Nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda kilele cha Irente, shamba la Kanisa la Kilutheri humwandalia mgeni mkate mweusi uliookwa hapo hapo, jibini laini, jemu, juisi na mboga mbichi. Masista wa Kikatoliki wa Usambara wamejijengea jina kwa jibini na jemu zao. Wabenedikto wa Sakharani, karibu na Soni, wana divai na makadamia. Huko Migambo, nyumba ya matofali ya mlowezi wa Kijerumani imekuwa nyumba ya kulala wageni katikati ya miti ya matunda. Katika nyumba nyingi za aina hii hakuna orodha ndefu ya vyakula. Chakula cha jioni huagizwa mapema, wote wanakula kilichopikwa siku hiyo, na watu wasiojuana wanapitishiana bakuli la supu. Mpishi hawezi kuahidi asichokuwa nacho bustanini, na hapo ndipo ladha ya mahali inapopatikana.

Pingamizi la kwanza ni zito, na anayelipuuza hajaisoma historia ya Usambara. Meza hizo ziliandaliwa juu ya ardhi iliyotwaliwa. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 walowezi walipata njia nyepesi ya kupanda na kuchukua mashamba. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianza mfumo wa kadi za kazi: kila mwanamume Msambaa mtu mzima alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo angepelekwa kwenye kazi za serikali. Bustani ya mlowezi ilipaliliwa na watu hao, na mkate wake ulikandwa na mikono isiyokaribishwa mezani. Baada ya Wajerumani, Waingereza nao walipanda huku kulikimbia joto la pwani, na utaratibu wa nani anapika na nani anakula haukubadilika sana. Kumpeleka mgeni kwenye nyumba ya namna hii na kumsimulia habari za mlowezi peke yake, ni kuurudia ule udhalimu kwa maneno matamu.

Lakini ukweli huo huo ndio unaotufundisha urithi ni wa nani. Mlowezi aliondoka; maarifa hayakuondoka naye. Aliyejua oveni ile inashika moto vipi, maziwa yagandishwe kwa muda gani katika baridi ya Juni, plamu ipi inafaa kwa jemu na ipi iliwe mbichi, alikuwa mtu wa Usambara, na amewafundisha wenzake jiko kwa jiko. Kuiacha meza hii ipotee kwa sababu ilianza kwa dhuluma ni kumfuta mpishi kwa mara ya pili. Haki ni kumtaja: kibao kinachotaja mwaka wa kujengwa nyumba kieleze pia nani walioijenga, nani walioipikia, na kwa masharti gani.

Wapo watakaosema kwamba jibini na mkate mweusi si chakula chetu hata tukivipika miaka 100. Kwa kipimo hicho mahindi nayo yangeondoka, kwa kuwa asili yake ni Amerika, kama viazi na nyanya. Waitaliano wa kaskazini waliyapokea mahindi hayo hayo wakayasonga kuwa polenta, ndugu wa karibu kabisa wa ugali, na leo hakuna anayewauliza kibali cha kuiita yao. Wasambaa wenyewe wana ushahidi wa zamani zaidi. Katika masimulizi yaliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, Mbegha aliingia milimani akiwa mgeni kutoka Ngulu, mwindaji aliyekataliwa na ukoo wake. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Kwa kupeana huko akawa mtawala, na Vugha ikawa makao ya ufalme. Jamii inayosimulia chanzo cha utawala wake kwa chakula cha mgeni na mwenyeji kukutana haina sababu ya kuiogopa meza iliyochanganyika.

Suala la bei ni gumu zaidi kwangu. Chakula cha nyumba za wageni mara nyingi kinapangiwa bei kwa kumfikiria mtalii, na mkazi wa Lushoto anakula kwa mama lishe. Sioni kwamba hilo linaivunja hoja, linaipanua. Mama lishe anayepika makande au ndizi na maharage kwa mboga zilizonunuliwa alfajiri ana uhusiano ule ule na shamba, na benchi lake ni meza ya pamoja kweli kweli. Mpango wowote wa kutunza urithi wa mapishi wa Lushoto ukimwacha yeye nje utakuwa umehifadhi nusu tu, tena ile nusu yenye fedha.

Sheria haisaidii sana hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na jengo la baada ya hapo husubiri tamko la waziri. Nyumba za walowezi wa Lushoto zote ni za baadaye, na hata lile litakalotangazwa litalindiwa kuta, si jiko. Halmashauri ya wilaya, makanisa yanayomiliki baadhi ya mashamba haya na wenye nyumba wanaweza kuanza bila kungoja sheria: waandike majina ya wapishi wazee, njia zao za kugandisha jibini na kuhifadhi matunda, na mashamba yanayowalisha, kisha vijana wa mji wafundishwe kwa malipo. Msafiri naye anaweza kupiga simu siku moja kabla, mpishi apate muda wa kuchuma, na akifika aulize nani amepika.