Lonchi za Nai, Swali la Keringet

Kabla nirudi ocha kulima waru, nilikuwa nachapa kazi ya kuandika stori za teknolojia huko Nai. Siwezi danganya, raha ilikuwako. Ukialikwa lonchi ya kompyuta mpya unaingia hoteli ya masonko, unapewa kadi ya shingo, unamanga samosa hadi unasahau lanchi. Alafu taa zinazimwa, ngoma inapigwa, na buda fulani wa suti anafunua lapi iliyofunikwa kitambaa kama bibi arusi. Makofi! Ya nini sasa, na hata haijawashwa?

Mimi nilikuwa na swali moja tu, na mabeste walikuwa wanaanza kucheka nikiinua mkono: "Na stima zikipotea?" Manze, nimekulia hapa juu Keringet, barabara ya Molo kwenda Olenguruone. Mvua ikishika, stima zinasepa. Kuna msee alinijibu ati betri inamaliza siku nzima "hali ikiwa sawa." Hali gani? Wengi wao walikuwa wanajua Keringet ni maji ya chupa tu, hawakuwa na rada kama kuna watu wanaishi huku.

Lonchi yenye ilinibamba ni ya Kio Kit, 2015. Ilitoka kwa BRCK, mbogi ya kina Erik Hersman na Juliana Rotich, wale wa jukwaa la Ushahidi, waliokuwa wanajipanga pale iHub, Bishop Magua Centre, Ngong Road. 2013 walikuwa wamechangisha zaidi ya dola 172,000 kwa Kickstarter ndio waunde BRCK ya kwanza: kaboksi keusi, laini ya simu ndani, betri ya kama masaa nane. Stima zikienda, intaneti inabaki.

Kio Kit ikasongesha hiyo idea hadi darasani. Sanduku moja ngumu, tableti 40 ndani. Hakuna waya arobaini za kugombania soketi. Mtoi akimaliza anairudisha kwa nafasi yake, inajichaji hapo. Masomo yamewekwa ndani ya sanduku lenyewe, kwa hivyo netwaki ikikataa mwalimu hastuki. Hapo sikuinua mkono. Walikuwa wamejibu kabla niulize.

Noma ilikuwa bei: kama dola 5,000, zaidi ya nusu mita wakati huo. Shule gani ya ushago ina hiyo ganji? Serikali nayo ilikuwa imeahidi 2013 kila mtoi wa darasa la kwanza lapi. Zikageuka tableti, zikaanza kufika mashuleni 2016, na shule kibao ilibidi kwanza zivutiwe stima. Ahadi ilitangulia waya. Mimi naona hivyo ndivyo lonchi nyingi hukosea: wanaanza na kitambaa.

Sasa wewe chali ama dem wa Keringet unayeshuka Nax wikendi hii kutafuta lapi ya ex-UK, wacha kuangalia rangi. Mwambie muuzaji achomoe chaja, uketi hapo nayo nusu saa ukifungua mavideo. Uliza betri mpya ni ngapi na fundi anakaa wapi. Akikuambia fundi ako Nai, rudisha doo kwa mfuko, ingia duka inayofuata.